Sikio la Mnunuzi wa Jembe

Siku ya gulio mjini Same, chini ya Milima ya Upare, mnunuzi mzoefu wa jembe haanzi kwa kuuliza bei. Hupitisha kidole kwenye tundu la mpini, hulining'iniza jembe hewani, kisha huligonga kwa kipande chochote cha chuma kilicho karibu na kutega sikio. Likilia kwa mlio mrefu na safi, mazungumzo ya bei yanaanza. Likitoa mlio uliokatika, huenda lina ufa usioonekana kwa macho, na hapo hulirudisha chini bila kutoa maelezo. Pembeni yake kijana aliyetumwa na mama yake kwa mara ya kwanza anatazama rangi na kibandiko.

Tofauti ya wanunuzi hawa wawili ndiyo inayotupeleka kwenye mchezo ambao mji wa Same wenyewe hauna umaarufu nao: gofu. Fuata barabara kuu hadi Moshi, kama kilomita 100, kisha kata kusini uingie kwenye miwa ya TPC, kampuni ya sukari iliyoanzishwa mwaka 1930 na tajiri wa meli wa Denmark, A. P. Møller. Humo mna uwanja wa gofu. Mchezaji mzuri akipewa pale fimbo fupi iitwayo weji, hufanya karibu yaleyale ya gulioni. Huipima uzito mkononi, huigeuza atazame chini yake, hupiga mpira mmoja, kisha hunyamaza. Anasikiliza.

Weji ni fimbo ya kazi za karibu. Wakati fimbo ndefu zinatafuta umbali, weji inatafuta mahali: kuunyanyua mpira juu, kuuvusha mti au banka la mchanga, kuutua griini na kuusimamisha karibu na shimo. Uso wake umelala nyuma kuliko fimbo nyingine zote, kuanzia nyuzi 46 hivi hadi 60 na ushei. Mpira ukipigwa sawasawa kwa uso huo huzunguka kinyumenyume kwa kasi kubwa. Kwa mchezaji wa kulipwa anayepiga pigo kamili, ni zaidi ya mizunguko 9,000 kwa dakika. Mzunguko huo ndio breki yake.

Weji za bei kubwa mara nyingi hubeba sifa moja inayotangazwa kama cheti cha ndoa: imefuliwa. Maana yake ni kwamba kichwa chake hakikumiminwa kwenye kalibu kama uji wa chuma. Kilipigwa kikiwa cha moto hadi kikapata umbo. Je, sifa hiyo inamfaa nani, na mtu ataijuaje?

Watu wa Milima ya Upare wana haki ya kulijibu swali hili kabla ya wengi. Upande wa kaskazini wa milima hiyo, Ugweno na Usangi, eneo ambalo leo ni Wilaya ya Mwanga, uhunzi ulikuwa kazi ya ukoo unaojulikana kwa jina lake: Washana. Mwanahistoria Isaria Kimambo alikusanya masimulizi ya wazee wa huko na kuyachapisha mwaka 1969 katika kitabu chake cha historia ya siasa za Wapare. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, hao wahunzi ndio waliotawala Ugweno zamani, hadi ukoo wa Wasuya, ukiongozwa na Angovi, ulipowapindua. Mwana wa Angovi, Mranga, ndiye anayekumbukwa kwa kuupanga upya utawala. Kiti kilikwenda kwa Wasuya. Nyundo ikabaki kwa Washana. Majina yote mawili bado yapo kwenye daftari za mahudhurio za shule za Tanzania, na la Msuya limewahi kufika hadi ofisi ya Waziri Mkuu kwa Cleopa Msuya, mtu wa Usangi.

Chuma chao hakikuchimbwa mgodini. Mvua zikinyesha milimani, vijito hubeba mchanga na kuuchambua vyenyewe: mwepesi huenda zake, mzito na mweusi hutulia kwenye mikunjo ya mto. Mchanga huo mweusi ni magnetaiti, madini ya chuma yanayonaswa na sumaku. Wanaakiolojia, akiwamo Louise Iles, wamechunguza mabaki ya tanuri za Upare Kaskazini na kuonyesha kwamba huo ndio uliokuwa ukiyeyushwa kwa makaa na mivukuto.

Kusema "kuyeyushwa" kunahitaji tahadhari kidogo. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538 za Selsiasi, na tanuri la udongo lenye mivukuto ya ngozi halikuwa na haja ya kufika huko. Kinachoyeyuka ni uchafu, yaani mavi ya chuma, ambayo hutiririka na kuganda pembeni. Chuma chenyewe hubaki bonge lenye matundu kama sponji, uchafu ukiwa umejificha ndani. Hapo ndipo kufua kunapoanza. Bonge linapashwa moto, linapigwa, linakunjwa, linapashwa tena, na kila pigo linakamua mavi yaliyosalia. Fundi mvivu akiacha kabla ya wakati, uchafu unabaki ndani kama mchanga kwenye wali.

Na mteja aligundua. Uchagani, juu ya Kilimanjaro, kulikuwa na wahunzi hodari lakini madini ya chuma hayakuwapo. Mlima ule ni wa volkano, na chuma chao kwa muda mrefu kilitoka Upare. Mhunzi wa Kichaga aliyenunua kipande kutoka Ugweno alikuwa mteja wa aina ya pekee, maana yeye mwenyewe alikuwa fundi. Kipande chenye mavi mengi hupasuka kikinyoshwa kuwa mkuki, tena hupasuka mwishoni, baada ya makaa kuteketea na jasho kumwagika. Bei ya chuma kibaya ililipwa kwa siku nzima ya kazi iliyopotea.

Huenda ndiyo sababu mhunzi aliogopwa na kuheshimiwa kwa pamoja. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi miaka mingi Uchagani, aliona jambo hilo kuwa zito kiasi cha kuandika makala nzima, mwaka 1912, juu ya mhunzi na nafasi yake katika fikra za watu wa mlimani. Lakini wakati huo chuma cha Ugweno kilikuwa tayari kinasukumwa pembeni. Misafara ya pwani ilikwisha kuleta nyaya nene za chuma kutoka Ulaya, na reli ya Tanga, iliyopita chini ya milima hii na kufika Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1910, ilirahisisha safari ya majembe ya viwandani. Baada ya uhuru kikaja kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, UFI, kilichojengwa kwa msaada wa China. Hapo jembe likawa na nembo, na nembo ikaanza kusema badala ya mlio.

Weji ya leo iliyofuliwa imepita njia hiyohiyo ya moto na mapigo, ila kwa mashine. Kiwandani, kwa mfano Hiroshima nchini Japani ambako fimbo za Mizuno hufuliwa, kipande cha chuma cha mviringo hupashwa hadi kuwa chekundu na kubanwa kwa mashinikizo makubwa kati ya kalibu mbili ngumu, mara kadhaa, hadi kifanane na kichwa cha fimbo. Kisha huja watu wa kusaga na kung'arisha. Chuma kinachopendwa ni laini, chenye kaboni ya takriban asilimia 0.25 tu. Ulaini ndio unaokubali kubanwa bila kupasuka, na ndio wachezaji wanaodai kuusikia mkononi.

Njia ya pili ni kusubu: sampuli ya nta hufunikwa kwa tabaka za udongo maalumu, nta huyeyushwa itoke, na chuma cha majimaji humiminwa kwenye nafasi iliyobaki wazi. Wauzaji wa fimbo zilizofuliwa hupenda kuizungumzia njia hii kwa sauti ya chini, kama jirani asiyelipa madeni. Ukweli unawaumbua. Weji za Vokey, zinazotengenezwa na Titleist na kuonekana mikononi mwa mabingwa wengi wa Marekani kuliko za kampuni nyingine yoyote, kwa sehemu kubwa ni za kusubu. Mabingwa hao wana uhuru wa kuchagua chochote. Kwa hiyo neno "imefuliwa" peke yake halimpi mtu chochote, kama vile "mwana wa Mshana" lisivyotosha kumfanya mtu mhunzi.

Turudi kwenye sikio. Mpira wa gofu hukaa kwenye uso wa fimbo kwa kiasi cha nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mpira huwa umekwisha kuondoka kabla ujumbe kutoka mkononi haujafika kwenye ubongo. Ule ulaini anaousimulia mchezaji ni mtetemo unaofuata baadaye kupitia mpini, na zaidi ya hapo ni sauti. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walichapisha kazi iliyolinganisha sauti ya pigo na maelezo ya wachezaji kuhusu walivyolihisi. Viwili hivyo vilikwenda pamoja kwa karibu sana. Mtu anaposema fimbo hii ni laini, kwa kiasi kikubwa anasimulia alichosikia.

Hilo halimdhalilishi mchezaji hata kidogo. Sauti ni taarifa. Mpira uliopigwa katikati ya uso una mlio wake, na uliopigwa karibu na kisigino una mwingine, na mwenye sikio zuri hujua kosa lake kabla mpira haujatua. Mchezaji wa kiwango cha Madina Iddi, mwanamke wa Arusha aliyeiwakilisha Tanzania katika mashindano mengi, hupata faida hapo, kwa sababu mapigo yake hukaribiana na tofauti ndogo ya mlio ina maana. Anayeanza, ambaye pigo moja linagusa juu ya mpira na linalofuata linachimba viazi, anaweza kulipa dola 150 au 200 kwa weji mpya iliyofuliwa na asisikie chochote isipokuwa majuto. Afadhali anunue ya kawaida iliyokwisha tumika, na fedha iliyobaki alipie mafunzo.

Lakini sikio halimalizi kazi. Jambo ambalo mchezaji mzuri hulitazama kwa makini kuliko yote liko chini ya fimbo, kwenye soli.

Geuza weji utazame sehemu inayogusa ardhi. Utaona kwamba soli imebenuka: nyuma iko chini kuliko ukingo wa mbele. Pembe ya kibenuko hicho hupimwa kwa nyuzi, kuanzia kama 4 hadi 14. Kazi yake ni kuizuia fimbo isizame. Kibenuko kikubwa huteleza juu ya mchanga na udongo laini kama mtumbwi. Kidogo hupita chini ya mpira penye ardhi ngumu bila kudunda.

Mvumbuzi anayepewa sifa ya jambo hili ni Mmarekani Gene Sarazen, aliyeongeza risasi ya kulehemu nyuma ya soli ya fimbo yake ili itoke mchangani kwa urahisi. Mwaka 1932 alikwenda nayo Uingereza kwenye uwanja wa Prince's akashinda Mashindano ya Wazi, na mwaka huohuo akashinda pia ya Marekani. Yeye ni fundi wa gereji kwa namna fulani: hakusubiri kiwanda, alichukua chuma kilichopo akakiongezea kinachokosekana.

Sasa chukua soli hiyo uilete Same. Mji umekaa kwenye kivuli cha mvua cha milima, na mwezi wa Septemba ardhi ya tambarare inaweza kulia ukiipiga kwa kisigino. Hapo weji yenye kibenuko cha nyuzi 14 itadunda kabla ya kuufikia mpira, na ukingo wa mbele utaupiga mpira kiunoni. Mpira utapaa chini kwa chini hadi ng'ambo ya griini. Panda hadi Chome, karibu na msitu wa Shengena, ambako ukungu huamka mapema kuliko watu na udongo ni mweusi na unyevu, na weji yenye kibenuko cha nyuzi 4 itachimba kama mchimba viazi niliyemtaja. Fimbo zote mbili zinaweza kuwa zimefuliwa na fundi yuleyule. Kilichobadilika ni mita elfu moja na zaidi za kupanda mlima.

Wakulima wa hapa wanalijua hilo bila hesabu za nyuzi. Jembe la kuzibua ndiva, yale mabwawa ya kienyeji ambayo vijiji vya Upare hukusanyia maji ya usiku ili kumwagilia mchana, hufanya kazi kwenye tope, na jembe la kuvunja udongo wa tambarare kabla ya vuli hukutana na jiwe tupu. Anayetumia moja kwa kazi zote mbili halaumu chuma mgongo unapomuuma.

Nyasi nazo zina la kusema. Viwanja vingi vya nyanda za juu za Afrika Mashariki vina nyasi ya kikuyu, mmea wa asili wa huku kwetu, yenye mashina manene yanayotambaa na kushikana kama mkeka. Imesafiri kuliko wachezaji wetu wengi: ilipelekwa Kalifonia kuzuia mmomonyoko, na leo uwanja wa Riviera karibu na Los Angeles unajulikana kwa jinsi nyasi hiyo inavyowatesa mabingwa. Kikuyu hushika shingo ya fimbo na kuisokota. Kitabu cha matangazo kilichoandikwa kwa ajili ya nyasi laini za Uingereza hakiwezi kumwambia mtu wa Moshi weji ipi itapita humo. Anayetaka kujua aipige humohumo, akiwa na mpira anaoutumia siku zote, wala si juu ya zulia la plastiki dukani, maana zulia husamehe dhambi zote za soli.

Ajaribu mapigo matatu tofauti: moja kamili, moja la nusu mkono, moja la mchangani. Na asihesabu lile lililotua karibu na shimo. Kila fimbo duniani imewahi kutoa pigo moja la ajabu. Aangalie mipira kumi imetawanyika kiasi gani, hasa ile aliyoikosea kidogo.

Baada ya soli, mifereji. Ile mistari iliyochongwa usoni ina kazi ileile ya kashata za tairi: kuondoa maji na utomvu wa majani ili uso uushike mpira. Tangu 1 Januari 2010, vyama vinavyosimamia sheria za gofu duniani vilipunguza ukali na ujazo wa mifereji kwenye mashindano ya juu, vikiona kwamba wachezaji wanapiga ovyo kwenye nyasi ndefu na bado wanausimamisha mpira. Upana hauruhusiwi kuzidi milimita 0.9, na kina ni nusu milimita tu. Kwa nafasi ndogo hivyo, vumbi la kiangazi linatosha kuiziba. Kitambaa chenye maji kiunoni mwa kedi, mbeba fimbo, kinaweza kuokoa mizunguko mingi kuliko jina la kampuni.

Hapa pia ulaini wa chuma kilichofuliwa unageuka. Kilicho laini huchakaa. Mchezaji anayefanya mazoezi ya mchangani kila siku huila mifereji ya weji yake haraka, na kichwa kisichopakwa kromu hupata kutu. Wapo wanaoipenda kutu hiyo kwa kuwa inaondoa mng'ao wa jua machoni. Ni suala la ladha, na mchezaji wa pwani ataipata hata asipoitaka. Upande wa pili wa ulaini ni faida ambayo mchezaji hodari huilipia kwa furaha: fundi anaweza kuibana weji kwenye jiriwa na kuipinda nyuzi moja au mbili ili ilingane na kimo na mkono wa mwenyewe. Ajihadhari tu na hesabu. Ukilaza uso nyuma kwa nyuzi moja, umeongeza pia nyuzi moja ya kibenuko, na soli uliyoichagua kwa ardhi yako si ile tena.

Siku moja mifereji itakwisha kabisa, na weji itakuwa chuma chakavu. Ikifika kwa mhunzi wa milimani, mmoja wa wale wanaofua mapanga na miundu kwa springi za magari mabovu, ataipima mkononi, ataigonga fuaweni na kusikiliza. Springi ya lori ina kaboni ya karibu asilimia 0.6, na ikitoka motoni na kutumbukizwa kwenye mafuta hukomaa ikashika makali. Weji ina chini ya nusu ya kaboni hiyo; haitakomaa hata ikichovywa mara ngapi, na panga lake litapinda kwenye mgomba wa kwanza. Ule ulaini uliolipiwa dola mia na hamsini, kwake ni kasoro. Ataiweka pembeni, labda aje kuifanya kabari ya mpini, na kumwuliza aliyeileta kama hana springi ya Fuso.